Usahihi wa Bunduki Mpya ya Kuwindia
Mzee wangu mmoja hapa Tanga, aliyezoea kuwinda kwa kibali upande wa Handeni, haiamini kwa masafa marefu bunduki mpya itokayo kiwandani. Viwanda kadhaa vya Marekani huahidi kwamba risasi tatu zitaingia ndani ya dakika moja ya pembe (sehemu moja ya 60 ya digrii), yaani eneo lenye upana wa takriban sentimita 2.9 katika mita 100, au sentimita 8.7 katika mita 300. Kwangu mimi, risasi tatu ni ushahidi mdogo mno, kwa kuwa eneo la matundu hupanuka kadiri risasi zinavyoongezeka, afadhali kumi. Tena ahadi hiyo hutegemea risasi bora, ilhali kila mtutu una aina ya risasi unayopatana nayo. Upepo wa pembeni, ambao hakuna kiwanda kinachoudhamini, huweza kuipotosha risasi zaidi kuliko kasoro ya mtutu wenyewe.