Siku moja na futi shingoni: najifunza kuuza nguo mtandaoni, Kariakoo

Saa 11:15 alfajiri

Naanza na simu, mswaki baadaye. Wateja wetu wengi hununua usiku watoto wakishalala, kwa hiyo alfajiri WhatsApp ya duka inakuwa imejaa. Sijibu kwa mfuatano wa zilivyoingia. Nawatafuta kwanza waliolipa wanaosubiri kusikia mzigo uko wapi, kisha walioulizia saizi, na mwisho walioandika neno moja tu: "Bei?" Huyu wa mwisho ameshaandika hivyohivyo kwa maduka mengine kumi. Aliyelipa halafu akakaa bila kujibiwa hadi saa tatu asubuhi, huyo moyo unamdunda.

Niko kwenye mafunzo kwa Dada. Ndivyo sote tunavyomwita, na wateja pia. Ana duka la nguo za kike linaloishi kwenye Instagram na WhatsApp. Ananipa nauli, chakula cha mchana na kamisheni kidogo kwa mzigo ninaoufunga mwenyewe. Jioni nasoma masomo ya masoko ya kidijitali kwenye simu. Wanaoniuliza nasomea nini nawajibu, "Biashara mtandaoni," nao wanadhani nashinda nimekaa na laptop kwenye kiyoyozi. Haya, twende.

Saa 12:20

Mwendokasi, Kimara kwenda Kariakoo. Nimesimama, mkoba uko kifuani, simu ndani ya mkoba. Hapa hakuna cha kusimulia.

Saa 1:45 asubuhi

Duka letu ni chumba ghorofa ya tatu, nyuma kidogo ya mtaa wa Msimbazi. Halina kioo wala sanamu ya kuvalishwa nguo mlangoni. Fremu za chini mtaa wa Kongo zina kodi yake, na kabla ya kodi kuna kilemba, yaani hela ya kuachiwa fremu, ambayo Dada anasema angekuwa nayo angenunua mzigo. Juu huku tunalipa nafuu kwa sababu hakuna mpita njia. Ndiyo maana kila mteja inabidi tumtafute kwa picha na maneno.

Kabla ya kazi nyingine, oda za usiku zinaandikwa kwenye kaunta buku: jina, namba ya simu, bidhaa, mkoa, amelipa au bado. Nilipofika hapa nilidhani ni ushamba, mpaka Dada aliponikumbusha Mei 12, 2024, siku nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Yeye aliwapigia wateja simu za kawaida, mmojammoja, kutoka kwenye daftari. Zamani aliwahi pia kuuza kupitia Jumia, soko la mtandaoni ambalo lilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Tangu hapo hataki orodha ya wateja wake ikae mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuzima taa.

Saa 3:00

Sasa ndiyo kazi yenyewe. Umeingia mzigo wa magauni na madera, na mimi ndiye wa kuyapima.

Nalaza gauni mezani, nalinyoosha bila kulivuta. Futi ya fundi cherehani inatoka shingoni. Kwapa hadi kwapa, mara mbili, hicho ndicho kifua. Kiuno cha lastiki nakipima mara mbili, kikiwa kimelegea na kikiwa kimevutwa, na vipimo vyote viwili vinaandikwa. Mkono kuanzia mshono wa bega. Urefu kuanzia bega hadi pindo. Lebo ya ndani siitazami. XL iliyoshonwa Guangzhou inaweza kumbana dada wa Temeke anayevaa M siku zote, na ukimtumia kwa kuiamini lebo, kesho kutwa utalipia boda wa kuirudisha.

Mabaibui yana nafuu kwa sababu saizi yake ni urefu kwa inchi: 52, 54, 56, 58, 60. Mteja ananitajia kimo chake. Wa futi 5 na inchi 4 mara nyingi humwendea 56. Ila lazima niulize anavaa viatu gani, maana wa raba na wa visigino hawaburuzi pindo sawasawa.

Baada ya vipimo, kitambaa. Nachomoa uzi kwenye mshono wa ndani, nauwasha kiberiti. Pamba hutoa harufu ya karatasi iliyoungua na kuacha majivu mepesi. Poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha kidonge kigumu. Muuzaji wa jumla ametuandikia "cotton" kwenye risiti, uzi umeacha kidonge. Basi kwenye maelezo tunaandika poliesta. Jirani yetu ghorofa ya pili anatucheka. Anasema neno hilo linafukuza wateja wa Dar na joto hili. Linawafukuza kweli. Anayebaki anajua anachonunua, tena wapo wanaoitaka poliesta hasa, kwa kuwa haijikunji na haihitaji pasi.

Kuchuja rangi: nachukua kitambaa cheupe kibichi, nasugua sehemu ya ndani ya pindo. Kikitoka na rangi, maelezo yanasema "fua peke yake".

Halafu kuna swali ambalo wateja wanaona haya kuliuliza waziwazi. Wanazunguka, "Dada, hiyo nguo ni nyepesi?" Wanachotaka kujua ni kama inaonyesha mwili. Kwa hiyo naingiza mkono ndani ya gauni, nauelekeza dirishani, napiga picha. Vidole vikionekana, tunaandika kwamba linahitaji gagulo. Picha hiyo haina uzuri wowote na haipati "like" hata moja, lakini ndiyo inayouza.

Mteja wa dukani ana mkono wake. Anashika, anavuta, anapeleka mlangoni kwenye mwanga, anamuuliza shoga yake. Mteja wa Songea hana hayo, ana mkono wangu mimi. Sijaona somo la mtandaoni linalolisema hili kwa uzito unaostahili. Mengi yanakimbilia matangazo.

Saa 5:30

Picha. Taa za tyubu zinazimwa kwa sababu zinaitia nyeupe ukijani na kuifanya zambarau ionekane bluu. Tunasogeza meza dirishani kabla jua halijageuka. Mbele, nyuma, mshono, zipu, picha ya mkono, na moja ikiwa imevaliwa. Leo aliyevaa ni binamu yake Dada, na kimo na kilo zake zinaandikwa chini ya picha. Vichujio vya kung'arisha ni marufuku.

Bei tunaandika palepale. Ule mtindo wa "bei inbox" Dada hautaki, nami nimekubaliana naye, ingawa nawaelewa wanaoutumia. Ukiweka bei hadharani, jirani anaiona na kushusha elfu moja. Ukiificha unapata nafasi ya kupatana. Lakini mteja akishalazimika kukuuliza bei, ameshaanza kuhisi kwamba unamkadiria kwa sura yake. Wanaotaka kupunguziwa wataomba tu hata bei ikiwa imeandikwa kwa herufi za ukuta mzima.

Saa 7:00 mchana

Wali maharage, mchicha pembeni. Katikati ya kula inaingia meseji: malipo ya baibui yamepokelewa. Inafanana kabisa na meseji za kampuni ya simu, kuanzia namba ya muamala hadi salio jipya, isipokuwa imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Dada hainui hata kichwa. "Angalia salio," anasema. Salio halijaongezeka. Kanuni hapa ni moja: meseji si hela, hela ni salio. "Mteja" naye ameanza kuharakisha, eti boda ameshafika chini. Anayekuharakisha kabla hujahakiki, kula chakula chako taratibu. Dakika chache baadaye ameniblock.

Nchi hii kila mtu ameshatumiwa meseji ya matapeli, "ile hela itume kwenye namba hii", kwa hiyo wateja nao wana haki ya kutuogopa. Wakiomba tuwapigie video waone nguo na duka, tunapiga. Lipa namba yetu inaonyesha jina la biashara, na risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, tunapiga picha na kuituma bila kuombwa. TRA, watu wa mapato, wanasema ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Kwa muuzaji asiyeonekana, risiti ni tangazo kabisa.

Saa 8:15

Hesabu, na hapa ndipo wenzangu wengi wa masomo ya jioni wanaposinzia. Dada ananipa dera moja: tumenunua 14,000, tunauza 22,000. Zinabaki 8,000. Mfuko na lebo, 500. Tangazo la 10,000 limeuza madera manane, kwa hiyo kila moja linabeba 1,250. Makato ya malipo, tuweke 350. Zimebaki 5,900, na hapo kodi ya chumba na chakula changu havijaguswa.

Sasa dera moja lirudi kwa kosa letu. Boda kwenda Tegeta 5,000, kurudi 5,000. Karibu faida yote ya madera mawili imeliwa na kipimo kimoja kibovu. Ukiiona hesabu hii, hutaniuliza tena kwa nini asubuhi nzima nilikuwa na futi.

Saa 9:40

Mteja wa Mbagala ametuma picha yake akiwa ndani ya gauni letu, na sifa juu. Mkono unaniwasha niiposti. Kwanza namuuliza kama anaridhia. Amekubali picha, amekataa jina, kwa hiyo jina na namba nafuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, lakini hata bila sheria, ukurasa unaoanika namba za watu unatisha.

Saa 10:00 jioni

Kufunga mizigo. Ya mjini inaondoka na kaka wa boda tunayemwamini, mtu anayejua kupiga simu kabla ya kutoka Kariakoo, siyo akishafika getini. Kuna wateja wa "nitalipa mzigo ukifika" ambao simu yao huzimika boda akiwa njiani. Sasa wa maeneo ya mbali tunawaomba walipe nauli kwanza, nguo watalipia wakiiona. Wengi wanaelewa. Anayekataa kulipa nauli peke yake huwa hakuwa na nia.

Ya mikoani inataka mkono mwingine: nguo ndani ya nailoni dhidi ya maji, kisha mfuko mgumu, selotepu pande zote, na maka peni nene. Jina, namba mbili za simu, mji, na kituo atakapochukulia. Kuandika "Mbeya" peke yake haitoshi.

Saa 12:10 jioni

Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Mizigo ya Songea, Mwanza na Tanga inapokelewa kwenye ofisi za mabasi. Nasimama hadi risiti iandikwe, naipiga picha na kumtumia kila mteja pamoja na namba ya gari na ya ofisi atakakoipokelea. Kwetu hapa mabasi ndiyo yanayobeba biashara ya mtandaoni. Nimesoma masomo mazuri ya bure ya Meta, wenye Instagram na WhatsApp, kuhusu kulenga wateja kwa umri na mahali, lakini hayakunifundisha basi gani linafika Songea mapema wala karani yupi hupiga simu mzigo ukitua.

Saa 3:00 usiku

Nyumbani, somo la leo ni gharama ya kumpata mteja mmoja. Nalielewa haraka kwa sababu ya lile dera la mchana.

Kisha napiga hesabu zangu mwenyewe. Nikimaliza mafunzo nataka kuanza na kanga tupu. Kanga haina saizi. Ni doti, vipande viwili, na anayeinunua anaijua tangu utotoni. Marejesho yatakuwa machache. Dada anapinga: kila mtu anauza kanga, faida ni nyembamba, na nitakufa kwa kushindana bei. Mimi namwambia wauzaji wengi hupiga picha ya kanga iliyokunjwa, jina, yaani ule msemo ulioandikwa, halisomeki, wakati mteja anatafuta jina kwanza, rangi baadaye. Anataka la kumpa mama mkwe, au la kuvaa mbele ya jirani wa ukuta wa pili. Orodha inayotafutika kwa jina, kila doti imetandazwa na maneno yanasomeka, sijaiona kwa yeyote ninayemfuata.

Dada amejibu kwa sauti ya WhatsApp, dakika nne nzima, na bado anapinga. Ila mwishoni ameniambia Jumamosi twende kwa muuzaji wa jumla wa kanga, niulize bei ya doti ishirini.