Kijana akiniuliza chuo gani kizuri, namtuma kwa daktari kwanza

Mtu wa kwanza kumshauri kuhusu urubani nilimpotosha. Nalisema waziwazi kwa sababu kila ninachofanya leo na vijana kimetokana na yeye.

Wakati huo nilikuwa rubani msaidizi, nina miaka michache tu kwenye ndege za abiria. Mama mmoja akaniletea mwanawe aliyemaliza shule. Nikaongea saa mbili nzima: leseni ya rubani binafsi, leseni ya biashara, kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo pale usipoona nje, kibali cha ndege za injini mbili, kila kitu. Kijana anaandika, mama anaitikia. Mwishoni wakauliza chuo kizuri ni kipi, nikawatajia nilichosoma mimi. Kilikuwa kinatoa punguzo kwa anayelipa ada yote kwa mkupuo. Nikawaambia wachangamkie, watakuwa wameokoa fedha nyingi. Familia ikauza kiwanja.

Mwezi wa saba chuo kikafungwa. Ndege zikachukuliwa na waliozikopesha, ofisi ikawa na kufuli, simu hazipokelewi. Kijana alikuwa na saa sitini na kitu za kuruka. Mama alinipigia, na hakunilaumu hata kidogo. Aliuliza tu, "Baba, sasa tufanyeje?" Sikulala usiku ule.

Kilichomwokoa ni kwamba logibuku yake, daftari la kuandikia kila safari na saa zake, alikuwa anakaa nayo mwenyewe, kila safari ina sahihi ya mkufunzi, na alishapiga picha kila ukurasa. Chuo cha pili kikazikubali saa zake. Ilimchukua miaka mitatu kupata fedha za kumalizia, lakini alimalizia, na leo anarusha ndege za mizigo. Tangu hapo kila anayekuja kwangu namwambia: lipa kidogo kidogo, kadiri unavyoruka, hata kama punguzo linavutia namna gani. Na logibuku usiiache ofisini kwao.

Sasa nina miaka sita nikifanya kazi hii ya kujitolea, Jumamosi jioni ninapokuwa siko zamu, na sijawahi kumtoza mtu hata senti. Nimebadilisha mpangilio wote. Siku hizi siongei saa mbili. Nauliza.

Swali la kwanza: umepima afya ya daraja la kwanza, kile kipimo cha marubani wa mashirika? Karibu wote hawajapima. Wanataka kulipa ada kwanza, kupima baadaye, kwa sababu chuo kimewaambia hilo ni jambo dogo. Si dogo. Kama moyo, masikio au macho yana tatizo la kukuzuia, ni heri ulijue ukiwa bado na fedha zako mfukoni. Nenda kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, siyo zahanati yoyote.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Binti mmoja alikuja amekata tamaa tangu akiwa na miaka kumi na minne, kwa sababu mwalimu alimwambia mwenye miwani hawezi kuwa rubani. Miaka mitano mtoto wa watu amebeba uongo huo! Nikamwambia, "Mwanangu, mimi mwenyewe navaa." Nikatoa mkobani miwani yangu ya pili, nikaiweka mezani, nikamweleza kwamba sharti ni uone vizuri ukiwa umeivaa, na uwe na ya akiba karibu unaporuka. Aliishika, akaigeuzageuza, akaijaribu. Halafu akalia.

Wengine huanguka kwenye kile kipimo cha vidoti vya rangi vyenye namba ndani, wakadhani mlango umefungwa. Ombeni kipimo cha pili. Kanuni za kimataifa zinamruhusu mtu anayeweza kuzitambua vizuri rangi na taa zinazotumika katika urubani, hata kama vidoti vilimshinda.

Baada ya afya, nina mbinu ninayoipenda kuliko zote. Namwambia kijana anitafutie matangazo matano ya kazi ya rubani msaidizi, ya mashirika anayoyatamani kweli. Tunayasoma kwa sauti, yeye ana kalamu nyekundu, kila sharti anapigia mstari. Kisha anachora mstari wima kwenye karatasi: kushoto anaandika atakachokuwa nacho siku ya kutoka chuoni, kulia wanachotaka waajiri. Hapo ndipo ukimya unapoingia chumbani. Kushoto kuna saa kama 200 za kuruka. Kulia, kwa Marekani, tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria anatakiwa kwa kawaida kuwa na saa 1,500, ingawa wenye shahada ya urubani na waliotoka jeshini hupunguziwa. Ulaya wapo wanaoingia na saa hizo 200, ila wawe wamefaulu mitihani 13 ya nadharia na wamesoma kozi ya kufanya kazi marubani wawili. Kwa hiyo usichague chuo kabla hujajua utafanya kazi nchi gani. Leseni ya nchi moja mara nyingi haihamii nyingine bila mitihani na gharama mpya.

Hilo pengo la saa ndilo vyuo hawalitangazi. Linajazwa kwa kufundisha wengine, kubeba wanaoruka na miavuli, kuvuta mabango, kupiga picha za ramani, kubeba vifurushi. Ni kazi za jasho na mshahara mdogo, lakini ndizo zilizonifundisha kutua kwenye upepo wa ubavuni. Nawaambia waweke fungu la kuishi kipindi hicho, maana wengi huishiwa hapo hapo.

Wazee nao huja. Baba wa miaka 41 aliuliza kama amechelewa. Ukomo wa kurusha abiria safari za kimataifa ni miaka 65. Nikamwambia tupige hesabu ya miaka inayobaki baada ya mafunzo na ya kulipa mkopo, kisha aamue yeye na mke wake.

Yule binti wa miwani alipima, akapata cheti chake, akaanza kulipa kwa awamu. Mwezi uliopita amenitumia picha ya mstari mmoja wa logibuku: dakika kumi na mbili, mzunguko mmoja wa uwanja, na kwenye safu ya jina la rubani ameandika lake peke yake.