Nilivyotoka maabara ya saratani hadi mialo ya Ziwa Tanganyika

Nilianza kazi nikiwa mtafiti wa saratani ya mlango wa kizazi Dar es Salaam. Nilipima virusi vya HPV kwenye sampuli za wagonjwa, hasa aina ya 16 na 18, ambazo husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii duniani. Sampuli kutoka Kigoma ziliniuma zaidi kwa sababu ndiko nyumbani, na wengi wa wenye sampuli hizo walikuwa wamefika ugonjwa ukiwa umeshasambaa.

Kwa mwanamke mwenye kinga imara, saratani hii huchukua miaka 15 hadi 20 tangu maambukizi. Muda wote huo inazuilika. Mimi nilikuwa nakutana naye mwishoni kabisa, baada ya boti kutoka kijiji cha Kalya, rufaa ya hospitali ya Maweni mjini Kigoma, kisha safari ya hospitali ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Nikaomba kazi katika halmashauri ya kando ya ziwa, na baadaye nikakabidhiwa timu ya afya ya wilaya.

Huko nilikuta ratiba ya huduma za mkoba, yaani wahudumu kuwafuata watu vijijini, inafuata siku mafuta ya boti yanapopatikana. Tunafika kijijini, wanawake hawaonekani. Mama mmoja mwanika dagaa ndiye aliyenifungua macho: "Daktari, wakati wa giza sisi hatulali wala hatukai. Njooni mbalamwezi." Ni kweli. Dagaa wetu huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, mitumbwi hupumzika mwaloni na vichanja hubaki vitupu. Tangu hapo tunapanga uchunguzi kwa mwezi wa angani, na mafuta yanatafutwa kuufuata. Foleni zilijaa. Hakuna jambo nililofanya katika uongozi lililozaa matunda haraka kama hilo.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji makubwa. Muuguzi anapaka asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, na palipoanza kubadilika panaonekana peupe. Kazi ilikuwa kwenye tiba. Mitungi ya gesi ya kugandisha sehemu hiyo iliyobadilika ni mizito, na kuipandisha botini ziwa likichafuka ni hatari. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba ya joto, inayounguza sehemu hiyo badala ya kuigandisha, na kifaa chake kidogo hutumia betri. Nilikipigania sana. Sasa mama anayefaa kwa tiba hiyo anatibiwa siku ileile. Ukimwambia arudi mwezi ujao, huenda umempoteza.

Bajeti nilitetea mbele ya madiwani. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, hiyo pesa si tununue dawa za malaria?" Swali la haki kabisa. Nikamhesabia gharama za mgonjwa mmoja anayepelekwa Mwanza: boti, basi, chakula cha anayemuuguza, watoto wanaobaki na bibi yao. Madiwani wenyewe wakaanza kutaja majirani waliouza nyavu na mashamba. Fungu likapita.

Kuhusu chanjo ya HPV, serikali ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, kwa dozi mbili. Kwetu familia huhama kambi kufuata samaki, hivyo dozi ya pili ilikuwa ngumu kuifikisha. Mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14, na mzigo huo ukatuondokea.

Ninachosukuma sasa ni kipimo cha HPV ambacho mwanamke anachukua sampuli mwenyewe, faraghani. Mashine zilezile zinazopima vinasaba vya kifua kikuu zinaweza kuisoma. Ombi la vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, nimeliingiza kwenye mpango kabambe wa afya wa mwaka ujao, na wauguzi wa zahanati za ziwani ndio watakaoanza kufundishwa.