Nilivyotundika kazi za wasanii wakubwa Lamu bila kupiga msumari

Mimi ni fundi wa nyumba za kale. Kazi yangu ni chokaa, boriti na milango, na mambo ya maonyesho ya sanaa nilikuwa nikiyasikia tu. Akaja dada mmoja kutoka Nairobi, msimamizi wa maonyesho, amekodi nyumba ya mawe nyuma ya njia kuu aonyeshe kazi za wasanii kadhaa wa kisasa, watu wenye majina, ambao kazi zao zimeshaonekana London na Venice. Aliniambia anataka kitu kimoja tu: kazi zote zipande ukutani, na watu wa bima wasipate la kusema.

Mwenye nyumba, bi mkubwa wa umri wa mamangu, alikuwa na sharti lake. "Mwanangu, hapa hapapigwi msumari." Na haki alikuwa nayo. Ukuta wa Lamu ni matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na juu yake plasta ya chokaa. Ukitoboa kwa drili, jiwe linameguka ndani kwa ndani, na plasta inabanduka pande kubwa kuliko tundu lenyewe. Tena mji wetu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Huamki tu asubuhi ukaanza kutoboa.

Dawa nilikuwa nayo karakanani. Tunapobadilisha boriti iliyooza huwa tunasimamisha nguzo za muda kutoka sakafuni hadi darini, tunazikaza kwa kabari. Nikachagua miti ya mvinje iliyonyooka, nikaipiga randa, nikaweka vipande vya mpira wa tairi juu na chini ili boriti na sakafu visichubuke. Kila nguzo mbili nikazifunga mtambaa, yaani mti wa kulala, kwa juu, na kwenye mtambaa picha zikaning'inia kwa waya. Kabla ya kugusa picha yoyote nilitundika magunia ya mchanga, mazito maradufu, yakalala usiku kucha. Asubuhi hakuna kabari iliyosogea.

Faida ya pili ilimfurahisha msimamizi kuliko ya kwanza. Ukuta wa matumbawe hunywa maji na chumvi kutoka chini, na picha ikiegemea pale huota kuvu kwa nyuma. Nguzo zangu zilisimama vidole vinne mbali na ukuta, hewa ikapita.

Makasha yalikuja kwa lori hadi Mokowe, yakavushwa kwa boti, kisha mikokoteni. Nilikuwa nimekata ufito urefu wa kasha kubwa kuliko yote nikapita nao vichochoroni na mpwa wangu. Kona moja ulikwama kabisa, basi kasha lile tukalizungushia upande wa ngome. Yalipofika, yalikaa saa 24 bila kufunguliwa ili kazi zizoee hewa ya nyumba. Halafu ikaja fomu ya hali ya kila kazi: unakagua kwa tochi unayoimulika kutoka pembeni, unaandika kila mkwaruzo, unapiga picha, mnatia saini wawili. Inachosha. Lakini bila fomu ile, mkwaruzo wa zamani ungekuwa wangu.

Tulipobishana hasa na msimamizi ni mahali pa kuweka nini. Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ni urefu wa boriti ya mkoko, mita tatu hivi au pungufu. Mchoro mkubwa ukiuweka ukuta wa urefu, mtazamaji hana pa kurudi nyuma. Yeye alikuwa na ramani yake aliyoichora kwenye kompyuta. Nikamwomba asimame kiwandani, uani pale penye mwanga, atazame ndani: jicho linapita msana wa tini, msana wa yuu, yaani kumbi mbili zinazofuatana, mpaka chumba cha ndani, na sakafu inapanda kidogo kila unapoingia. Waliojenga walikusudia zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za huko mwisho zionekane kutoka mbali. "Fundi, basi mchoro mkubwa uende pale," akasema mwenyewe. Kanuni ya watu wa maonyesho ni katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 155 kutoka sakafuni. Ule tuliupima kwa macho kutoka kiwandani, ukakaa chini ya hapo, ukapendeza.

Kazi za karatasi zilinisumbua. Hazitakiwi mwanga unaozidi luksi 50, kwa hiyo giza la ndani linazifaa. Lakini ndani ndiko hewa haipiti vizuri. Tukaziweka huko kwenye ukuta wa kati, si ule wa nyuma unaopakana na jirani, tukatia silika jeli nyuma ya fremu, vile vifuko vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu, tukivibadilisha kila vikilowa. Feni ikazunguka polepole mchana kutwa.

Kulikuwa na kazi moja ya kitambaa kilichoshonwa na waya wa shaba, pana kama tanga la mashua. Nilikuwa nikisubiri maelezo. Msimamizi akanisimulia habari za El Anatsui, msanii wa Ghana, aliyepewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya Venice mwaka 2015: kazi zake za vifuniko vya chupa hazina mkao mmoja, wanaotundika hupewa uhuru wa kuzikunja kulingana na ukuta. Na mwenye kitambaa hiki aliruhusu vivyo hivyo. Nikakilegeza katikati, kikaangukia mlango wa msana. Mimi naona ndiyo kazi iliyoipenda nyumba ile. Zile picha za rangi moja tupu, wenyewe wanazielewa.

Ufunguzi uliwekwa baada ya isha, watu wakajaa hadi dakani, pale ukumbi wa mlangoni.

Siku ya kushusha tulirudia fomu zile zile, mstari kwa mstari, na bi mkubwa akapapasa kuta zake zote kwa kiganja kabla hajanisainia. Nguzo sasa ziko karakanani. Nazikodisha kwa wiki, na gharama ya punda wa kuzibeba ni juu ya mteja.