Mkono wa mwenzangu

Miaka tisa mfululizo mwenzangu alikwenda kwenye Pride, maandamano ya watu kama sisi, wapenzi wa jinsia moja, na miaka tisa nilibaki nyumbani nikipiga pasi mashati ya kazini. Nilikuwa na hoja, na niliziamini. Tunadai heshima, heshima gani inapatikana kwa kukata viuno juu ya malori? Neno shoga, ambalo wanawake huitana kwa mapenzi, mimi nilirushiwa kama jiwe tangu utotoni. Nilichotaka ni kuonekana mtu wa tai, mtu asiye na makuu.

Mwaka wa kumi hakunibembeleza. Usiku wa kuamkia maandamano aliniachia mezani kurasa chache alizochapisha, akaenda kulala.

Zilihusu maandamano yaliyofanyika Philadelphia, mbele ya Independence Hall, kila tarehe 4 Julai kuanzia 1965 hadi 1969. Frank Kameny, mtaalamu wa falaki aliyefukuzwa kazi serikalini kwa sababu alikuwa kama mimi, alisimamia masharti: wanaume suti na tai, wanawake magauni, watembee kwa utaratibu. Nikasema moyoni, huyu ndiye mtu wangu. Na bado namheshimu. Kesi yake aliifikisha Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1961, wakati wengi wetu tusingethubutu kutaja hata majina yetu.

Kisha nikafika 1969, siku chache tu baada ya ghasia za Stonewall, baa ya New York ambako watu kama sisi walipambana na polisi waliowavamia. Wanawake wawili katika msafara ule walishikana mikono. Kameny akawaendea, akawatenganisha.

Nikaziweka kurasa chini.

Jioni moja, miaka mingi nyuma, tulikuwa tukitembea tumeshikana mikono barabarani, giza limeanza kuingia. Nikamwona mtu wa ofisini kwetu anakuja. Nikauachia mkono wa mwenzangu, nikajifanya nafunga kifungo cha shati kilichokuwa kimefungwa tayari. Yule mtu akapita. Mwenzangu hakusema neno, wala mimi. Tangu siku ile hatukuwahi kushikana mikono nje ya nyumba.

Nikaendelea kusoma. Craig Rodwell, aliyekuwapo siku ile Philadelphia, alikasirika sana. Mwaka huohuo yeye na wenzake wakapendekeza maandamano yahamie New York, pasipo masharti ya mavazi. Yakafanyika tarehe 28 Juni 1970, na waandamanaji walikwenda mbio hata wakamaliza njia kwa chini ya nusu ya muda uliopangwa. Furaha ilichangia, na woga pia. Hilo la woga ndilo lililonishika. Siku zote nilidhani wanaokwenda kule ni watu wasiojua kuogopa.

Asubuhi nilimwambia, "Leo tunakwenda wote."

Akaniangalia shingoni. "Na tai?"

"Na tai."

Tulishikana mikono tulipoingia kwenye msafara. Kiganja changu kilikuwa kimelowa jasho. Ngoma zilikuwa nyuma yetu, na mbele yetu mama mmoja alitembea na mwanawe wa kiume, mtu mzima, wamekumbatiana mabegani. Tulipokata kona niliona, kati ya watazamaji, uso kama wa yule mtu wa ofisini. Hadi leo sijui kama alikuwa yeye. Vidole vyangu vikaanza kulegea vyenyewe.

Mwenzangu akahisi. Naye akalegeza vyake taratibu, aniruhusu, kama mtu aliyekwisha kuzoea.

Nikaukamata mkono wake kwa nguvu.