Udongo wa Karura

Jana mvua ilipokatika nilizigonga buti zangu kuukuu kwenye ngazi, kikadondoka kipande cha udongo mwekundu, kigumu kama kigae. Mdogo akauliza, "Baba, huo si ndio wa pangoni?"

Ndio. Tangu Aprili ile.

Tuliingia msitu wa Karura, Nairobi, kwa geti la Limuru Road saa mbili asubuhi, na ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kima wakatupokonya ndizi mapema, hayo tuyaache. Msitu wenyewe leo ungekuwa majumba kama si mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake, waliopinga usijengwe, wakapigwa Januari 1999 wakijaribu kupanda mti.

Kasheshe ilikuwa mteremko wa mtoni. Udongo wa Karura ukilowa, sentimita chache za juu hugeuka uji, na chini yake pameshindiliwa na miguu ya watu mpaka pakawa sakafu. Unachokanyaga ni uji juu ya sakafu. Soli nazo zikishajaa tope, buti ya bei ghali na kandambili ni kitu kimoja. Nikamsimamisha mtoto, nikachokoa kila mfereji wa soli kwa kijiti, nikamkazia kamba upya pale kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele akishuka. Kisha nikamwonyesha: mguu uende upande, hatua fupi, magoti yalegee, wala usihamishe uzito kabla mguu wa mbele haujashika. Na mzizi usiukanyage kamwe. Ukishachubuka gome na kulowa, unateleza kuliko tope.

Mzizi nikaukanyaga mimi.

Nilishuka kama mita tatu kwa makalio. Kamba zangu, bila shaka, nilikuwa sijazikaza. Jioni ukucha wa dole gumba ulikuwa mweusi, na baadaye uling'oka.

Maporomoko ya maji tuliyapita haraka. Pangoni palikuwa na baridi na harufu ya mawe yaliyolowa. Nikaanza somo langu: hali ya hatari ya serikali ya kikoloni, Oktoba 1952, wapiganaji wa uhuru wa Mau Mau kujificha humu. Hakungoja nimalize.

"Walikuwa wanapika wapi?"

Nikasema moshi ungewaumbua, labda walikula vilivyopikwa kwingine. Labda usiku. Nilikuwa nabahatisha.

"Na nyayo?"

Nazo zilifuatwa, nikamwambia. Askari walikuwa na watu wa kazi hiyo.

Akageuka kuangalia suruali yangu, nyekundu mpaka kiunoni.

"Baba, wewe wangekukamata siku ya kwanza."

Kile kipande cha jana amekiweka dirishani.