Zamu ya Kwanza Apewe Nani?

Chama cha mzunguko, yaani kikundi ambacho wote huchanga na kila mmoja hupokea mchango wote kwa zamu, mara nyingi huvunjika mahali pamoja: pale aliyepokea mapema anapoacha kuchanga. Chukua majirani kumi wa ploti moja hapa Umoja, Nairobi, kila mmoja anatoa shilingi 500 kila Jumapili. Anayepokea wiki ya kwanza anabeba 5,000 ilhali ametoa 500 tu. Wenzake tisa wanamdai 4,500, na kinachombana ni uso wake kwao.

Kwa hivyo zamu za mwanzo zisiamuliwe kwa kuokota vikaratasi. Wapewe wanaojulikana, kama yule mama wa kibanda cha mboga ambaye ploti nzima humkuta pale pale kila jioni. Mgeni awe wa nane, wa tisa au wa kumi. Kufikia zamu yake atakuwa amechanga wiki saba hadi tisa mbele ya macho ya wote. Lakini aambiwe siku ya kwanza, asije akasikia pembeni: “Dada, kwetu mgeni huanzia mwisho. Mzunguko ujao tutakupandisha.”

Kutaneni nyumbani kwa mwanachama, kila wiki kwa mwingine. Chai ya rangi inatosha. Ukishaujua mlango wa mtu na watoto wake wakakuamkia, si rahisi yeye kukuhepa, wala wewe kumdhania mabaya akikosa wiki moja. Mkijuana kwa simu pekee, akizima simu basi.

Daftari lisomwe kwa sauti kabla pesa hazijaondoka mezani. “Mama Shiru, mia tano. Baba Otieno, mia tatu, deni mia mbili.” Anayedaiwa asikie akiwa ameketi hapo hapo. Inauma kidogo, ila minong'ono ya ngazini inauma zaidi. Kwa wanaotuma kwa M-Pesa, mweka hazina asitegemee meseji aliyofowadiwa, kwa sababu maandishi yake yanaweza kubadilishwa kabla ya kutumwa. Aangalie iliyoingia kwenye simu yake mwenyewe: jina, kiasi, tarehe.

Kuchelewa kutatokea tu. Aliyepiga simu Ijumaa kusema mtoto amelazwa, mpeni wiki moja, na mwende kumwona mgonjwa. Aliyenyamaza hadi Jumatatu alipe faini, hata akiwa mwenyekiti. Mkikubaliana ni shilingi 50, iandikwe kwenye daftari lile lile, isomwe Jumapili inayofuata pamoja na majina mengine.